Bitana

Kwanza zilianguka pini.
Miaka arobaini na miwili nimezibana kwa meno,
yale ya kuzaliwa, kisha haya ya kununua,
na hakuna iliyowahi kuniponyoka
mpaka ile Jumanne, Kariokor, ghorofa ya kwanza,
Bwana Opondo amesimama mikono wazi
nami nampima kiuno:
pini tatu sakafuni, tik, tik, tik,
na meno ya chini yakazifuata.

Aligeuka akatazama dirishani. Ni mteja mwungwana.

Nikanunua gundi duka la dawa.
Asubuhi ilishika. Saa saba githeri ikaishinda.
Nikaongeza. Nikaongeza tena.
Nikaanza kuyakwepa majina yenye S,
hata la marehemu Syombua,
ambalo kwa miaka tisa nimelitamka
mara nyingi kuliko alipokuwa hai.

Ngara, juu ya duka la miwani,
Daktari Jerono aliyageuza meno yangu kwenye mwanga
kama mtu anayekagua mshono wa fundi mwingine.
"Haya ya lini?"
"Elfu mbili na tano."
"Hayajalegea, mzee. Hayajabadilika hata chembe.
Ni wewe."

Jino, alisema, halikai tu juu ya taya.
Kila ukitafuna, mzizi wake huugonga mfupa,
huuambia: nipo, nishike.
Jino likitoka, hodi hiyo haibishwi tena,
na mwili, mhasibu asiye na haya,
hamlipi asiye na kazi.
Mfupa hunywewa. Kidogo mwaka huu, kidogo mwakani,
wa chini upesi kuliko wa juu.
Ufizi hushuka nao, kama kitambaa kinavyofuata bega,
na meno ya bandia, yasiyojua kukonda,
hubaki na vipimo vya mtu wa zamani.

Akanionyesha picha.
Palipokuwa na tuta pana uzi.

Kumbe.
Nimewapunguzia watu suti maisha yangu yote:
waliotoka wodini, wajane waliosahau kula,
yule karani wa reli aliyeleta koti la harusi yake
akasisitiza kwamba kitambaa kimetanuka.
Sikumbishia. Nilitia pini, nikanyamaza.
Na mimi nimepanda ngazi zote hizi
kuja kushtaki kitambaa.

Kuna vifungo vya chuma, alisema, viwili,
vinapandwa ndani ya taya la chini,
meno yanabanwa juu yake, pwa, kama mkoba.
Niliuliza bei.
Nikasikia ng'ombe watano na banda lao.
Au tushone mapya kabisa, ukijipanga.
"Kwa sasa," akasema, "tuyatie bitana."

Nilicheka mpaka yakadondoka.

Akapaka uji mzito ndani yake, nikauma, nikatulia,
ukaingia kila bonde ambalo miaka imechimba.
Siku mbili yalikaa kwa fundi wake
nami nikanywa supu nyuma ya pazia, nimefunga duka.
Yaliporudi yalishika, ila kushoto yalinichoma;
akakwangua ukingo
kama ninavyofungua mshono wa kwapa uliobana.
Usiku uyavue, alisema, ufizi upumue.
Na urudi kila mwaka, maana mfupa hausimami.
Hata bitana hii itapitwa.

Nilimwelewa. Hakuna suti niliyoipunguza mara moja tu.

Usiku yamo kwenye bilauri, kando ya redio.
Nikiwasha taa naona tabaka jipya, jembamba, la waridi,
na chini yake, pasipoonekana,
kinywa cha elfu mbili na tano
alichokijua Syombua.
Hakikutupwa. Kimefunikwa tu.

Leo Bwana Opondo amekuja kujaribu suruali.
Amekonda kidogo, hajui.
Anauliza kama mvua itanyesha, anauliza itakuwa tayari lini,
anauliza mbona siku hizi sizungumzi.

Simjibu.
Nina pini nne mdomoni.